Wavu wa Nyuzi za Dhahabu

Mwaka ule wa msako wa walanguzi, kiangazi kikiwa kimekwisha kukolea, lori lilipanda kilima cha mawe nje kidogo ya Segese na kushusha masanduku ambayo hakuna aliyejua yamebeba nini. Watu wa Segese wana jibu moja kwa kila swali, nalo ni dhahabu. Kabla lori halijashuka kilimani, kijiji kizima kilikwisha kujua kwamba serikali imeleta mashine ya kuona madini chini ya ardhi, na wachimbaji kadhaa wakaanza kufunika mashimo yao kwa matawi, kana kwamba mashine yenye akili hiyo ingedanganywa na majani.

Mwenye masanduku aliitwa Ignas, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Dereva wake alimwita Daktari, na hilo likatosha. Asubuhi iliyofuata alipotoka hemani alikuta watu wamekaa juu ya mawe wakimngoja: huyu jino, yule mgongo, mzee mmoja na busha lake. Akawaeleza kwa upole kwamba udaktari wake ni wa vyuma na mawimbi, si wa miili ya watu. Walimsikiliza, wakaitikia kwa vichwa, na hakuna aliyeondoka.

Mbuke alikuwa miongoni mwao, mwanawe Apolonia mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, na tangu masika yaishe alikuwa amegeuka mtoto mwingine. Viganja na nyayo zake zilikuwa nyekundu kama zimechemshwa, ngozi ikibambuka vipande vipande. Alitokwa na jasho hata penye baridi. Alilichukia jua, akishinda ameficha uso, na alikuwa ameacha kucheza. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, kisha ya malaria, kisha vidonge vya vitamini, kisha wakasema apelekwe hospitali ya Kahama. Hilo lilikuwa rahisi kusema. Mafuta yalikuwa yameadimika nchi nzima, basi halijaonekana Segese tangu mahindi yavunwe, na malori yaliyopita yalikuwa yakipita kwa kujificha.

Ignas alimtazama mtoto kwa muda, akasema hajui. Mbuke alishukuru, akageuka kuondoka, na hapo ndipo alipokiona kile kitu ndani ya sanduku. Kilikuwa pete ya chuma yenye upana wa ungo, na katikati yake nyuzi nyembamba za rangi ya dhahabu, nyembamba kuliko nywele, zilizokuwa zimekatika na kujisokota ovyo. Barabara ya kutoka Kahama ilikuwa imefanya kazi yake. Ignas alikuwa amekaa nacho tangu jana kama mtu aliyefiwa.

"Hiki kinatengenezeka," Mbuke alisema. "Kinataka mtu mwenye utulivu tu."

Alikuwa akidarizi tangu usichana, kazi aliyofundishwa na masista, na vitambaa vyake vilikuwa juu ya viti vya nusu ya nyumba za Segese. Ignas alimpa waya wa akiba, uliopakwa dhahabu halisi, ajaribu. Uzi wa kwanza ulikatika, wa pili ukakatika, wa tatu ukakaa. Mchana wake wakakubaliana. Mbuke angesuka wavu upya, na kazi ya kilimani ikiisha, petroli yoyote itakayobaki kwenye mapipa ya jenereta ingewapeleka yeye na Apolonia hospitali kwa Land Rover. Mbuke hakuuliza kitu kingine. Alishuka kilimani siku ile akiwa na moyo mwepesi, na ni vizuri tuuseme wepesi huo, maana haukurudi tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Kila uzi ulipaswa kukaa kwenye mfereji wake, umenyooka, haugusi jirani yake, wala haujalegea. Upepo ukivuma anasimama. Apolonia akilia anasimama. Ignas alikaa karibu akikaza skrubu, na siku moja Mbuke alimuuliza wavu huu unavua nini.

"Nuru ya kwanza," Ignas alisema. "Ulimwengu ulipoanza, kila mahali palikuwa moto. Ule moto ukapoa, lakini nuru yake haikuwa na pa kwenda. Ipo mpaka leo, imejaa kila mahali, inatugusa hata sasa hivi. Imepoa mno hata jicho haliioni, ila lile baragumu la bati pale linaisikia kama redio."

"Na wavu?"

"Wavu unauliza ile nuru inatikisika kuelekea wapi. Ikitikisika kufuata nyuzi, wavu unairudisha. Ikitikisika kukatiza nyuzi, inapita. Nauzungusha wavu mbele ya baragumu, naangalia kama kuna upande unaopendelewa."

"Kama fito za zizi, fimbo inapita ikisimama."

"Hapo ndipo wanafunzi wangu wote wanapokosea. Hapa ni kinyume cha zizi. Fimbo iliyolingana na fito ndiyo inayorudishwa."

Mbuke alicheka, na alishangaa kujisikia akicheka. Akauliza faida ya kujua hayo yote. Ignas alimwonyesha kwa mikono namna ya kusukuma chapati: ukikandamiza sawasawa inatoka duara, ukikandamiza upande mmoja inatoka ndefu. Alitaka kujua kama ulimwengu ulipokuwa ukitanuka ulitanuka duara au ulivutwa upande. Alikuwa amechagua Segese kwa ajili ya ukavu wa hewa yake, maana unyevu huiziba ile nuru, na ilimbidi amalize kabla mvua hazijaanza. Kwa watu wa Ulaya na Amerika, alisema, kila aliyepima hakuona kitu. Naye hakutegemea kuona. Ila alitaka iandikwe kwamba kuna mtu alipima akiwa huku.

Mbuke alimwonea huruma kidogo, mtu mzima kusumbuka hivyo kwa kitu asichotegemea kukiona. Kisha akarudi kwenye nyuzi zake, kwa sababu yeye alitegemea.

Mumewe, Maduhu, alikuwa mchimbaji. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu wako watakaotaka kumlaumu yeye peke yake. Alichimba, akaponda mawe, akaosha unga wa mawe kwa maji, kisha akauchanganya na zebaki, ile ambayo wachimbaji wanaiita makyuri. Makyuri ikikutana na dhahabu huikumbatia, na ukikamua kwenye kitambaa unabaki na kidonge cheupe. Kidonge hicho unakichoma juu ya kifuniko cha kopo. Makyuri inatoka moshi, dhahabu inabaki njano. Zamani Maduhu alichoma mtoni, penye upepo, mbele ya watu. Mwaka ule mgambo walikuwa wakipita kila mahali kutafuta dhahabu ya magendo, na aliyekutwa na kidonge alipelekwa ndani. Basi Maduhu akawa anachomea chumbani. Alichagua saa ya kupika, moshi wa majiko yote unapopanda, akaziba dirisha kwa matambara na mlango kwa gunia.

"Hata harufu haina," alimwambia mkewe. "Ikishaungua imekwisha."

Ni kweli haikuwa na harufu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini mikono ya wachimbaji wengi ilitetemeka, na wote walikubaliana kwamba ni gongo.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kibanda cha Mageni, mama yake Maduhu. Alikuwa bibi kikongwe mwenye macho mekundu, macho ya mtu aliyepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote katika nchi iliyokwisha kukatwa miti. Ndiye aliyemzalisha Mbuke, akamkanda kwa maji moto, akamlisha uji kwa mkono wake. Jioni ambazo Apolonia alilia sana alikuja kugonga mlangoni, hata kama umezibwa. "Nipeni mjukuu wangu," alisema, na hakuondoka mpaka apewe. Hakuwa na sababu yoyote aliyoijua. Aliumia kumsikia mtoto akilia, basi. Na kwa Mageni mtoto alitulia. Alikula ugali na maziwa, akalala. Akikaa siku kadhaa, hata viganja vilianza kupoa. Akirudi chumbani kwa mama yake, yote yanaanza upya.

Wewe unayesoma umekwisha kuona. Ni rahisi kuona ukiwa umekaa mbali. Mbuke na Maduhu nao waliliona jambo hilo hilo, wakalipeleka kwa mfumu, mganga wa kusoma matumbo ya kuku.

Mfumu alimpasua kifaranga, akayachungulia matumbo yake. Kisha akauliza.

"Mtoto hutulia akiwa wapi?"

"Kwa bibi yake," Mbuke alijibu.

"Akirudi kwenu?"

"Anaugua."

"Nani mwingine anaweza kumtuliza? Wewe mama yake unaweza?"

"Siwezi."

Mfumu alifuta kisu chake kwenye majani. "Mimi sitaji jina la mtu," alisema. "Ila anayeweza kulifungua fundo kwa urahisi hivyo, ni yule aliyelifunga. Mwingine angehangaika."

Njia nzima ya kurudi Mbuke alijitahidi kutoamini. Alizikumbuka zile bakuli za uji, akakumbuka mikono ya mkwewe ikimpokea Apolonia akiwa bado na damu. Lakini kila alichokumbuka kilijigeuza. Kwa nini huwa anakuja jioni ileile mtoto anapozidiwa? Nani humwambia? Kwa nini hukazana apewe? Alipofika nyumbani na kumwona bikizee amekaa kizingitini na yale macho mekundu, ambayo watu husema ni ya wachawi, aliogopa. Nafsi yake ilimwona mchawi mahali alipokuwa amemwacha mama.

Maneno ya mfumu hayakukaa. Vijana wa ulinzi wa kijiji, wenye pinde na filimbi, walioanza kwa kufukuza wezi wa ng'ombe na sasa wakawa wanafukuza chochote, waliitisha baraza. Mageni alikalishwa chini katikati. Maduhu aliinamisha kichwa muda wote akitazama mikono yake inayotetemeka. Mkubwa wa vijana alimsimamisha Mbuke na kumuuliza swali moja.

"Mtoto wako hutulia akiwa na huyu mama?"

Mbuke alimtazama mkwewe. Mageni alikuwa akimwangalia kwa matumaini, kwa sababu aliliona swali kuwa jema. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kumhimiza aseme, aseme kweli yote.

"Ndiyo," Mbuke alisema. "Hutulia."

Hakusema zaidi. Hakuna neno la uongo alilosema siku ile.

Walimwamuru Mageni aondoke kabla jua halijatua, aende kwa kaka yake huko Kagongwa, na asiwepo wa kumpa moto wala maji njiani hadi atoke nje ya mipaka yao. Alifunga kanga zake na sufuria moja. Alipopita mbele ya mlango wa Mbuke alisimama, akasema, "Mtoto alale kifudifudi, ndivyo anavyopenda." Mbuke aliufunga mlango. Na alichokisikia moyoni, lazima kisemwe, kilikuwa nafuu. Alifikiri sasa mwanawe atapona.

Kazi ya wavu ilikwisha wiki hiyohiyo. Nyuzi zote zilikaa sambamba, na ukiusimamisha wavu dhidi ya jua ulikuwa kama kioo chenye rangi ya asali. Ignas aliuzunguka mara kadhaa bila kuugusa. Alisema hata ule uliotoka nje ya nchi haukuwa hivi, na alisema kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia. Tatizo lilikuwa vumbi. Upepo wa kilimani ulikuwa umepasua hema, na yeye alihitaji siku chache kurekebisha mitambo mingine kabla ya kuufunga wavu kwenye baragumu.

"Mama Apolonia, kwako kuna mahali pasipo vumbi?"

"Chumbani kwangu. Hata upepo hauingii."

Akaenda nao nyumbani, akautundika ukutani juu ya kitanda, akaufunika kwa kitambaa chake kilichodariziwa chenye matundu matundu. Aliona fahari. Ile ndiyo ilikuwa safari ya hospitali, imetundikwa pale.

Maduhu naye alikuwa na bahati yake. Duara lao, yaani shimo lao la kuchimba, lilikuwa limefika kwenye mwamba mzuri, na mnunuzi kutoka Geita alikuwa njiani. Alikuwa na vidonge vingi kuliko alivyowahi kuwa navyo. Alichoma jioni ya kwanza, akachoma na ya pili, mlango umezibwa kwa gunia, Mbuke akiwa jikoni nje, Apolonia amelala kifudifudi kitandani. Mtoto alilia sana. Safari hii hakuna mtu aliyekuja kugonga mlango na kumdai.

Baada ya hapo Apolonia aliacha kulia. Akawa anakohoa. Akapata homa, na mbavu zikaanza kuonekana anapovuta pumzi. Mbuke alikuwa anafunga safari ya kwenda kilimani kumwomba Daktari awahishe gari, pale Ignas mwenyewe alipobisha hodi asubuhi, amekuja kuchukua wavu wake.

"Mwangaluka, Mama Apolonia," alisema, akijivunia salamu ya Kisukuma aliyoikariri. Mbuke aliitikia bila kumsikia vizuri. Akaingia chumbani, akaondoa kitambaa, akaushusha wavu na kuuleta mlangoni penye mwanga.

Nyuzi zilikuwa nyeupe.

Hazikuwa zimepauka kidogo. Zilikuwa nyeupe kama bati, ukungu wa kijivu umezishika toka mwanzo hadi mwisho, na mahali pengine vitone vidogo vinavyong'aa vilikuwa vimeziunganisha mbili mbili. Ignas aliushika ule wavu kwa mikono miwili.

"Nyuzi zangu ziko wapi?" aliuliza polepole. "Mama Apolonia, nani amebadilisha nyuzi zangu?"

"Hakuna aliyezigusa. Naapa kwa Mungu, Daktari."

"Hizi si dhahabu. Umeweka waya gani hapa? Umeuza?"

Mbuke alifungua kinywa kukana tena, na kikabaki wazi. Alikuwa mke wa mchimbaji. Alijua kuliko Ignas weupe ule ni weupe wa nini. Mwanamke yeyote wa Segese huvua pete kabla ya kugusa karai la mumewe, maana pete ikiguswa na makyuri inageuka hivyohivyo, nyeupe.

"Ni makyuri," alisema.

"Zebaki? Imefikaje ukutani?"

Kusema ilikuwa kumpeleka Maduhu gerezani, kama Ignas angekuwa mtu wa kusema. Mbuke alisema yote: kopo, gunia, matambara, saa ya kupika. "Lakini ilikwisha kuungua," alimalizia. "Ikishaungua imekwisha."

Ignas aliketi kizingitini, wavu magotini. Hakuwa na hasira tena. "Zebaki haiungui," alisema. "Inapanda ikiwa mvuke, halafu inatafuta pa kutua. Imetua kwenye nyuzi. Imetua kwenye kuta, kwenye shuka, kwenye kila kitu." Aliinua macho. "Nani analala humu?"

Ndani, Apolonia alikohoa.

Mbuke alikuwa akilisikia swali lake mwenyewe likimjia taratibu, na hakutaka lifike. Chumbani mtoto anaugua. Kibandani kwa bibi mtoto anapona. Tangu bibi aondoke mtoto anakufa. Alikwenda akauegemea ukuta, akateleza mpaka chini, akatoa sauti ambayo majirani waliisikia wakadhani mtoto amekwisha fariki.

Ignas alifanya jambo ambalo hakulizungumza baadaye. Alipanda kilimani, akamimina petroli yote ya jenereta kwenye tangi la Land Rover. Wavu ungeweza pengine kusukwa tena, waya ulibaki kidogo. Petroli isingepatikana tena mwaka ule, na mvua zilikuwa karibu. Wavu mweupe aliuacha umelala juu ya jiwe. Maduhu alikuwa shimoni wakati gari lilipoondoka, na mkewe hakumngoja.

Kahama, katika hospitali ya misheni, mganga alimsikiliza Ignas mpaka mwisho, akampima mtoto kifua, akaitazama mikono yake iliyobambuka. Alisema amewahi kusoma habari ya ugonjwa huo, hajauona. Dawa ya kuitoa sumu ile mwilini ipo duniani, ila hapo haikuwapo, na kwa hali ya nchi ilivyokuwa hakujua wapi ingekuwapo. Mapafu yalikuwa yameungua. Alimpa oksijeni iliyokuwa imebaki kwenye mtungi mpaka ikaisha. Kesho yake alimwambia Mbuke, bila kumwangalia, kwamba akitaka kumpeleka mtoto mahali penye hewa safi, kwa watu wake, asingemzuia.

"Kagongwa," Mbuke alimwambia Ignas. "Nipeleke Kagongwa kwa bibi yake. Kwake hupona."

Ignas alijua kwamba haiwezekani tena. Aliwasha gari.

Boma la kaka yake Mageni lilikuwa nje ya mji, karibu na mashamba ya pamba. Wake wa nyumba ile walikuwa wakichambua karanga kivulini. Mageni alikuwa amekaa peke yake nyuma ya ghala, mbali nao, sufuria yake ile moja mbele yake. Walikuwa wamempokea kwa sababu ni damu yao, lakini hawakumruhusu kukaa karibu na watoto. Alipomwona Mbuke aliinuka nusu, kisha akaketi tena na kuificha mikono yake ndani ya kanga.

Mbuke alipiga magoti, akimwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo, mayu."

Bikizee hakuitikia.

"Mayu, hukuwa wewe. Ni makyuri. Anachoma chumbani, moshi unabaki, tulikuwa tunamlaza humo. Wewe ulikuwa unamtoa. Ulikuwa unamtoa, mayu, na sisi tukasema..." Alishindwa kulimaliza. Alimfungua Apolonia mgongoni, akamwinua mbele ya bibi yake kwa mikono yote miwili. "Mshike. Akiwa kwako anatulia. Mshike tu."

Mtoto alifungua macho. Alimjua. Midomo yake ilitamka bibi, ingawa sauti haikutoka.

Mageni alijivuta nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ghala. "Sitamshika," alisema.

"Mayu, nakuomba."

"Nimekaa hapa nikifikiri, mwanangu. Nimefikiri sana. Watu wengi namna ile hawawezi kukosea wote. Na wewe hukusema uongo, ulisema kweli, nilikusikia. Labda ninayo ndani na sikuambiwa. Mama yangu naye macho yake yalikuwa hivi."

"Huna kitu, mayu! Ni moshi!"

"Moshi umekuwako siku zote." Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta, kwa sababu hakutaka kuitoa mikono. "Mtoe hapa. Mtoe kwenye macho yangu, mwanangu, nampenda."

Mbuke hakumtoa. Alikaa naye palepale chini, akimsogeza, akimsogeza, kama ambaye akimkaribisha kidogo tu zaidi ile mikono itajitokeza yenyewe. Ignas alikuwa amesimama penye gari na hakujua pa kuweka macho. Wale wanawake waliacha karanga zao. Pumzi ya Apolonia ikawa fupi, ikawa fupi zaidi, jua likiwa bado juu kabisa, na kabla kivuli cha ghala hakijawafikia mtoto alikuwa amekufa mapajani mwa mama yake, bibi yake akiwa umbali wa mkono mmoja.

Kisha Mageni alisimama, akawatazama wake wa kaka yake waliokuwa wamekusanyika.

"Mmeona," alisema. "Hata sikumgusa. Nimemtazama tu."

Mbuke alipiga kelele. Alisema ni makyuri, ni chumba, ni gunia lililoziba mlango, ni yeye na mumewe. Alisema waya uligeuka mweupe, Daktari huyu hapa aulizwe. Ignas alikuja mbio, naye akaanza kueleza habari za mvuke na dhahabu, kwa Kiswahili cha darasani, mbele ya watu waliokuwa wanaitazama maiti. Wanawake walimzunguka Mbuke, wakamshika mabega, wakamwambia lia mama, lia. Mama aliyefiwa huachwa aseme analolisema, na hakuna anayemsikiliza.

Safari hii hakuna aliyemfukuza Mageni. Alijitanda kanga yake, akapita katikati yao waliompisha wakirudi nyuma, akashika njia kwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji kukiri kwamba ni mchawi. Mbuke alimwita mpaka sauti ikakauka. Hakuweza kumkimbilia, maana alikuwa amempakata mwanawe, na hakuwa na mtu wa kumwachia.